RIMU ZING'AE KAMA KIOO
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu Mashariki

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza, kwa idhini yao, kwamba hata kisicho dhahabu kikitaka kung'aa kina taratibu zake, na ukizikiuka utajuta. Mpenzi msomaji, kaa kitako unisikilize. Leo siandiki juu ya ngeli wala ushairi, ingawa najua mlezi wetu wa chama angependa hivyo. Naandika juu ya rimu za gari. Usicheke kwanza.

Mjomba wangu ana gari aina ya Toyota Probox. Kila siku alfajiri hulijaza viazi na mboga kutoka upande wa Njoro na kuzileta sokoni hapa Nakuru. Gari hilo ndilo linalonilipia karo mimi pamoja na binamu zangu wawili. Mwezi wa Julai 2024 alitaka kuliuza ili aongeze pesa na kununua lenye injini yenye nguvu kidogo. Akaja broka mmoja, akalizunguka mara mbili, akasonya. Akasema bodi haina neno lakini magurudumu yanatangaza uzee, na papo hapo akapunguza shilingi elfu ishirini. Rimu zilikuwa za chuma, inchi 14, zimeshika kutu, na rangi yake ilikuwa imebambuka vipande vipande mithili ya gome la mkaratusi.

Elfu ishirini kwa sababu ya kutu! Nilipiga hesabu nikaona ni pesa za kuwaweka watoto watatu shuleni kwa siku nyingi. Basi likizo ya Agosti ilipofika, nikiwa Kidato cha Pili, nikamwambia, "Mjomba, niachie mimi. Hizo rimu nitazipaka."

Akanitazama, akacheka. "Haya mama, jaribu. Lakini Jumatatu alfajiri nataka gari langu."

Jumapili mchana tulilipandisha gari juu ya mawe, tukatoa magurudumu yote manne. Nilikuwa na makopo mawili ya rangi ya fedha ya kupuliza. Nikayaosha magurudumu kwa maji matupu, nikakwaruza kutu hapa na pale, nikafunika tairi kwa magazeti, nikaanza kazi. Upepo ulikuwa ukivuma. Nilinyoosha mkono mbali kabisa ili nguo zisichafuke, nikapuliza kila mahali: mbele, nyuma, ndani ya matundu ya nati, bila kubagua. Kwa muda wa saa moja na nusu nilikuwa nimemaliza zote nne. Nikajiona fundi wa mafundi.

Asubuhi yake, loo! Rangi ilikuwa imefifia kama ubao uliofutwa chaki. Ukigusa, inakwaruza vidole. Kutu ilikuwa imejichora chini yake kama ramani ya milima. Nikaenda dukani nimefura kwa hasira, nikamwambia mwenye duka ameniuzia rangi bandia. Hakunijibu kwa matusi. Alionyesha kwa kidole ng'ambo ya barabara, mahali mafundi wa jua kali wanaponyoosha na kupaka magari, akasema, "Nenda umwonyeshe yule mzee kazi yako, halafu urudi tuzungumze."

Sikwenda siku hiyo. Niliona haya.

Siku ya tatu Mjomba alirudi nyumbani kimya. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limeanza kugonga akiwa njiani kutoka Njoro, na magunia nyuma na mama mmoja muuza mboga kando yake. Aliposimama akakuta nati mbili kati ya nne zinazungushwa kwa vidole tu. Hakunigombeza. Alisema hivi: "Mama, rangi yako imelegeza nati." Heri angenichapa. Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi, nikiwaza kama gurudumu lingechomoka kwenye mteremko ingekuwaje.

Kulipokucha nikaenda kwa yule mzee. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono, akasema, "Msichana, kung'aa hakumo kwenye kopo. Kumo kwenye uso wa chuma. Na nati haikai juu ya rangi." Hakutaka pesa yoyote. Malipo yake yalikuwa nimpigie msasa madigadi ya gari moja la mteja, na kazi hiyo ilinichukua siku nzima. Sasa najua kwa nini alinipa.

Nianze na hilo la kung'aa, maana hata vitabu vyetu vya Fizikia vinaliunga mkono. Tulifunzwa kuwa mwale wa mwanga ukigonga kioo bapa, pembe unayoingilia huwa sawa na pembe unayotokea. Miale ikigonga uso laini hurudi ikiwa imeshika mstari, kama skauti kwenye gwaride, na ndiyo sababu unaona sura yako. Ikigonga uso wenye vijilima na vishimo, kila mwale hurudi upande wake, kama sisi wakati kengele ya saa kumi inapolia. Mwanga ni ule ule, haukupotea, ila umetawanyika, na jicho huona weupe uliopauka. Tazama barabara ya lami wakati wa kiangazi halafu uitazame usiku baada ya mvua. Lami haijabadilika. Maji yamejaza vishimo na kuufanya uso wa juu kuwa bapa, basi taa za magari zinaonekana humo kama kwenye kioo.

Rangi nayo ina vitu vitatu vikubwa: unga unaoleta rangi yenyewe, gundi inayoushika unga huo, na thina inayovilainisha vyote ili vipakike. Thina huruka hewani, unga na gundi vikabaki. Gundi ikiwa nyingi hufunika punje zote za unga, uso ukawa laini na kung'aa. Unga ukizidi, punje hutokeza juu na rangi ikapauka. Sasa hapa ndipo nilipomkosea yule mwenye duka. Rangi ya fedha ya magari ina vipande vidogo sana vya alumini, na ile niliyonunua ilikuwa ya kupakwa chini halafu kufunikwa. Yenyewe ikikauka haing'ai, hivyo ndivyo ilivyotengenezwa. Juu yake hupakwa rangi isiyo na unga wowote, ni gundi tupu yenye kupenya mwanga, nayo mafundi huiita klia. Klia hufanya kazi ya yale maji juu ya lami. Nilirudi dukani kuomba msamaha, na nikanunua klia papo hapo. Mwenye duka alifurahia vyote viwili.

Lakini klia nayo haifuti dhambi za chini. Ukiipaka juu ya mikwaruzo, mikwaruzo itang'aa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hii, naweza kusema siku mbili kati ya tatu, hakuna rangi inayotoka kwenye kopo. Ni kusugua tu.

Mjomba alihitaji gari kila alfajiri, kwa hivyo safari hii tulitoa gurudumu moja moja na kuweka spea mahali pake. Gurudumu likiisha linarudi, linatoka jingine. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Huna haraka, na gari halilali juu ya mawe.

Kwanza niliosha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, mbele na nyuma, hadi lile vumbi jeusi la breki likaisha. Kisha brashi ya waya kwenye kutu. Kisha msasa namba 80 mahali penye kutu peke yake, hadi chuma cheupe kikaonekana, na baada yake namba 240 kila mahali. Mzee alinifunza kufumba macho na kupitisha kiganja mahali rangi ya zamani inapokutana na chuma. Kiganja kikihisi kingo, bado. Jicho hudanganywa lakini kiganja hakidanganyiki, na rangi mpya haitakuja kuficha ngazi ambayo kiganja kimeihisi. Chuma kikiwa wazi usikiache kilale hivyo. Mwezi wa Agosti huku kwetu una manyunyu, na kutu mpya huota usiku mmoja.

Baada ya msasa, futa kwa kitambaa safi chenye thina kidogo, na kuanzia hapo usiguse kwa vidole vitupu. Mafuta ya vidole yanatosha kuharibu. Adui mbaya zaidi ni ile polishi ya kung'arishia tairi, kwa sababu aghalabu huwa na silikoni. Mahali penye tone lake rangi hukataa kukaa, hujikunja na kuacha viduara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Rimu yangu ya kwanza ilikuwa na macho kumi na moja. Niliyahesabu.

Kufunika tairi bila kulivua kuna ujanja wake. Kata majalada magumu ya madaftari ya zamani yawe vipande kama karata, uvichomeke kati ya ukingo wa rimu na mpira, kimoja kikilalia kingine mpaka uzunguke duara lote. Valvu niliivika kipande cha mrija wa soda. Madaftari yangu ya Kidato cha Kwanza hatimaye yalipata kazi.

Praima hupakwa mara mbili au tatu, nyepesi nyepesi. Ikikauka kabisa, puliza juu yake ukungu mdogo wa rangi nyeusi, kidogo tu kama uliyemwagia pilipili manga. Halafu usugue kwa msasa wa maji namba 600. Kwenye vilima weusi hutoka upesi, na kwenye mashimo hubaki. Hapo hakuna kubahatisha. Sugua hadi weusi wote uondoke, na ukiona praima inaisha kabla ya weusi kuondoka, pakaa praima tena. Nilifanya hivyo mara mbili kwa kila rimu, na kuna jioni nilipotaka kuacha. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya dobi.

Sasa rangi yenyewe. Wasemao husema jina la mji wetu lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na mtu akipaka gari hapa Nakuru hawezi kubisha. Nilipaka kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla upepo haujaamka, na kwanza nilinyunyizia maji uwanja mzima ili vumbi litulie. Rimu niliilaza juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikawa naizungusha ndoo badala ya kuizunguka mimi. Ikilala bapa, rangi haichuruziki.

Umbali wa kopo na rimu ni karibu na urefu wa rula ya shule ukipungua kidogo, yaani sentimita 25 hivi. Ukisogea mno, rangi inarundikana na kutiririka machozi. Ukiwa mbali mno, kama nilivyokuwa mimi siku ile ya upepo, thina huruka njiani na matone yakafika yamekauka nusu. Hayayeyukiani tena, yanakaa juu ya rimu kama unga wa ugali uliomwagika. Ndio ule ukwaruzaji niliouhisi vidoleni. Anza kubonyeza kabla ya kufika ukingoni, pita moja kwa moja, achia ukishavuka, na kila mpito ulalie nusu ya uliotangulia. Anza na kingo za matundu, halafu uso. Mara tatu nyembamba, ukingoje dakika kumi hadi kumi na tano kila mara. Rangi ya fedha usiipige msasa, utaparuza zile alumini na kuacha mabaka.

Kukiwa na baridi, liweke kopo ndani ya maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, kisha ulitikise mpaka mkono uchoke. Nimesema vuguvugu. Usilikaribishe kwenye jiko, litalipuka. Na usipake kukiwa na unyevu. Thina inaporuka huchukua joto, uso wa rangi ukapoa, na unyevu wa hewani ukatua juu yake vile vile unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matokeo yake ni ukungu mweupe ndani ya rangi. Rimu ya tatu ilinifanyia hivyo siku ya manyunyu, ikabidi nianze upya.

Klia hufuata. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu wa kushika, usingoje kuuona uking'aa. Dakika kumi baadaye mkono wa pili uwe na umajimaji. Inama utazame kwa upande, mwanga ukija mbele yako, utaona matone yakikutana na kuwa kitu kimoja. Hapo hapo ndipo pa kuendelea mbele. Ukikawia sekunde mbili, machozi. Ukipita mbio, uso unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Mkono wa tatu ni kama wa pili. Nilipouona ule uso ukifunguka na mbingu ikiingia ndani ya rimu, pamoja na waya wa kuanikia nguo na kuku mmoja aliyekuwa akipita, nilipiga kelele mpaka nyanya akatoka jikoni.

Ganda la chungwa likibaki, linaweza kuondolewa. Ngoja angalau siku kadhaa klia iwe ngumu. Sugua polepole kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, na maji yenye sabuni kidogo. Uso wote utapauka na moyo wako utashuka. Usiogope. Baadaye chukua kitambaa laini na kompaundi, usugue kwa miduara, na kung'aa kutarudi kukiwa bora kuliko kwanza. Kwenye kingo uwe mwangalifu sana, maana klia ni nyembamba pale na utaipenya.

Narudi kwenye nati, jambo ambalo lingetuangamizia watu. Matundu ya nati kwenye rimu ya chuma yana mdomo ulioinama kama faneli. Nati hukaa hapo chuma kwa chuma, na ule mkazo ndio unaoshika gurudumu. Ukipaka rangi nene pale, nati inakaza rangi. Gari likitembea, rangi inasagika na kuhama, unene unapungua, mkazo unaisha, na nati hulegea yenyewe. Ni vivyo hivyo upande wa nyuma, pale rimu inapogusana na hab. Kwa hivyo mara ya pili niliziba midomo yote ya nati kwa tepu ya karatasi, na duara la nyuma nikaliacha chuma safi. Zile rimu za kwanza nilizikwangua moja moja mpaka chuma kikaonekana. Nati zikazwe kwa mshazari, moja halafu inayoielekea, si kwa kuzunguka. Baada ya gari kutembea kilomita 50 hadi 100, zikazwe tena. Mjomba siku hizi huzijaribu kila Jumamosi, na mimi husimama pale nikitazama.

Mafundi wenye kompresa hutumia pia klia ya kuchanganywa na hadina. Ni ngumu zaidi, hustahimili petroli na joto la breki kuliko ya kopo la kawaida, na kwa kweli ndiyo iliyo bora. Lakini hadina hiyo ina kemikali ziitwazo aisosayaneti zinazoweza kumletea mtu ugonjwa wa pumu, na barakoa ya vumbi haizuii. Hiyo waachie wenye vifaa kamili vya kupumulia. Hata makopo ya kawaida yapulizie nje, ufunike pua kwa barakoa inayozuia mvuke wa rangi, na thina iwe mbali na moto. Mzee wa ng'ambo ya barabara hukohoa sana. Nilimuuliza miaka mingapi amepaka bila kufunika pua, akasema tuendelee na kazi.

Yote yalinichukua wiki mbili na nusu za likizo. Kila rimu ilikula kopo moja la praima, moja la rangi na moja la klia, na misasa sikuihesabu. Ukilinganisha na elfu ishirini, hesabu ilitoka vizuri.

Yule broka alirudi mwezi wa Septemba. Alizunguka gari mara mbili kama kawaida yake, akachutama mbele ya gurudumu, akajiona humo ndani, akasimama. Hakusema neno juu ya rimu. Akafungua mlango, akaanza kulalamika juu ya viti.